Kulwa au Doto: miaka yangu ya kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa

Mwaka wangu wa pili kazini nilimkuta marehemu anachukua dawa.

Ilikuwa Jumatatu, siku tuliyokuwa tunasafisha takwimu za wiki iliyopita. Kwenye kompyuta nilikuwa na orodha mbili: moja ya vifo walivyoleta wadadisi kutoka vijijini, nyingine ya mahudhurio ya kliniki ya CTC, yaani ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Nilichotafuta ni mtu yeyote aliyehudhuria kliniki baada ya tarehe ya kifo chake. Kwa kawaida zoezi hilo halitoi kitu, au linatoa mtu mmoja ambaye siku na mwezi vimegeuzwa wakati wa kuandika. Siku hiyo alitoka mwanamke wa miaka 31. Kaya yake ilisema amefariki Februari. Kliniki ilionyesha amekuja Machi, akaja Aprili, akaja Juni. Uzito amepimwa, dawa amepewa, tarehe ya kurudi ameandikiwa.

Msimamizi wangu alidhani mdadisi aliingia kaya isiyo yake. Mimi nikafungua historia ya muunganisho wa kumbukumbu zake mbili, ya kijiji na ya kliniki, nione nani aliufanya, siku gani, saa ngapi. Herufi za jina zilizokuwa pale zilikuwa zangu.

Kwa asiyeijua kazi hii nieleze kidogo. Nilikuwa karani wa takwimu katika eneo moja la utafiti Kanda ya Ziwa. Maeneo kama hayo yapo kadhaa Afrika Mashariki. Kisesa, wilayani Magu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, watu wamefuatiliwa kaya kwa kaya tangu 1994. Kilifi, pwani ya Kenya, ufuatiliaji ulianza 2000 na kumbukumbu zake zikaunganishwa na hospitali. Kila raundi wadadisi wanapita nyumba zote wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, nani kahama, nani kaoa. Kila mkazi ana namba yake. Hilo ni daftari la kijiji.

Daftari la pili liko kliniki. Humo mtu ana namba nyingine na kadi nyingine, na mara nyingi hata jina lingine. Daftari la kijiji linajua lini mtu amekufa lakini halijui alitibiwa nini. Daftari la kliniki linajua alitibiwa nini, ila akiacha kuja linaandika tu kwamba amepotea. Amepotea wapi? Huenda amekufa, huenda amehamia Geita kwenye dhahabu anachukua dawa huko, huenda amechoka. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa za kufubaza virusi zimeongeza umri wa watu wa kijiji kizima, maana kuwatazama tu waliobaki kwenye foleni ya kliniki hakumtoshi, lazima ayakutanishe madaftari haya mawili. Kuyakutanisha ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilipoajiriwa mwaka 2016 nilidhani ni kazi ya kompyuta. Unaandika jina huku, unatafuta kule, unabonyeza. Wiki ya kwanza ilinitosha kuona kwamba jina la mtu kwetu si kitu kimoja.

Chukua mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa akifuata mapacha. Nyumbani ni Shija, na hakuna atakayemwita vinginevyo. Akibatizwa anakuwa Rebeka. Shuleni mwalimu anaandika Rebecca Mabula, kwa kuwa baba ni Mabula, aliyezaliwa wakati wa mvua. Akiolewa, kliniki wanamwandika Rebeka Charles, jina la mume, kwa sababu mume ndiye aliyemsindikiza siku ya kwanza. Akizaa anakuwa Mama Neema, na hilo ndilo jirani yake analijua. Kisha kuna matamshi. Kisukuma hakina r, hivyo bibi akitaja mjukuu wake atasema Lebeka, na mdadisi mwenye haraka ataandika alichosikia. Daftari la kijiji lina Shija Mabula. Daftari la kliniki lina Lebeka Chalesi. Huyo ni mtu mmoja, na katika majina manne yaliyoandikwa hakuna hata moja linalofanana na jingine.

Kuna mbinu ya zamani ya kuyageuza majina kuwa msimbo kwa kufuata sauti, inaitwa Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918. Bado imo ndani ya programu nyingi, na mtaalamu mmoja aliyetutembelea alituambia tuitumie. Jioni ile nilikaa na karatasi nikaijaribu kwa mkono. Soundex inaiacha herufi ya kwanza kama ilivyo, zinazofuata inazipa tarakimu. Rukia inakuwa R200, Lukia inakuwa L200. Kwa macho ya mashine hao ni watu wawili wasiojuana. Mariamu ni M650, Maliamu M450, kwa kuwa r imepewa 6 na l imepewa 4. Halima na Alima wanaachana kwenye herufi ya kwanza tu, na wameachana moja kwa moja. Mbinu ile ilitengenezwa na watu wanaosikia r na l kama sauti mbili zilizo mbali. Kwetu ni sauti jirani, nusu ya wilaya inazibadilisha. Kesho yake niliomba tutengeneze kanuni zetu: l na r zihesabiwe moja, h ya mwanzo isihesabiwe, s na z zihesabiwe moja, na Yohana, Yohane na John wawekwe kapu moja, vivyo hivyo Yusufu, Yosefu na Joseph. Ilichukua wiki tatu. Sijawahi kujivunia kitu ofisini kama orodha ile.

Lakini hata majina yakikaa sawa, bado kuna swali la hesabu. Ukiwa na wakazi 35,000 kijijini na wateja 2,000 kliniki, jozi zinazowezekana ni milioni 70. Huwezi kuzitazama kwa macho. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1946 Halbert Dunn, aliyesimamia takwimu za vizazi na vifo Marekani, aliandika kwamba kila mtu anatengeneza Kitabu cha Maisha: kinaanza na kuzaliwa, kinaishia na kifo, na kuunganisha kumbukumbu ni kuzikusanya kurasa zake zilizotawanyika zifungwe pamoja. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake wa Kanada walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuifanya kazi hiyo, na 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, nao wa Kanada, wakaipa msingi wa hesabu tunaoutumia mpaka leo.

Msingi huo nilielezwa na kijana mmoja wa programu kwa njia ambayo sijaisahau, na nimewafundisha hivyo makarani wote waliokuja baada yangu. Jiulize maswali mawili kwa kila kitu unacholinganisha. La kwanza: wakiwa kweli ni mtu mmoja, kitu hiki kitafanana mara ngapi? La pili: wakiwa watu wawili tofauti, kitafanana kwa bahati mara ngapi? Tuchukue jinsia. Mtu yuleyule, jinsia itafanana mara 98 katika 100, zile mbili zinazobaki ni karani aliyekosea. Watu wawili tofauti, itafanana kwa bahati mara 50 katika 100. Kwa hiyo jinsia ikifanana ushahidi wako haujafika hata mara mbili. Umejua kidogo sana. Sasa chukua jina lisilo la kawaida, ambalo watu tofauti hushirikiana mara moja tu katika 1,000. Likifanana, na mtu yuleyule hulitaja sawasawa mara 90 katika 100, ushahidi wako ni mara 900. Na Masanja? Kwetu kina Masanja ni wengi kama mchanga wa ziwani, kwa hiyo Masanja kufanana na Masanja ni habari ndogo. Unavikusanya vyote, jina la kwanza, la pili, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kitongoji, unapata alama moja. Alama ikiwa juu sana unaunganisha. Ikiwa chini sana unaacha. Katikati pana eneo la mashaka, na eneo hilo ndilo lililokuwa linakula mchana wangu.

Umri nao ulikuwa na shida zake. Watu wazima wengi hawakuzaliwa hospitali. Karani anauliza mwaka wa kuzaliwa, mtu anasema umri, 40, na ni 40 wa kukadiria. Ukichora umri wa watu wetu kwenye karatasi unaona milima kwenye 30, 35, 40, 45 na mabonde katikati. Tarehe isiyojulikana huandikwa Januari mosi au Julai mosi, basi ukitazama daftari unaweza kuamini nusu ya wilaya ilizaliwa mwaka mpya. Tulitumia kalenda ya matukio. Nilikuwa na karatasi niliyoilaminisha: Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa 1974, vita vya Kagera 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, kifo cha Mwalimu 1999. Bibi mmoja nilimuuliza kama alikuwa amezaliwa wakati wa Uhuru. Akanijibu kwamba siku hiyo alikuwa na mtoto mgongoni, na kwamba mtoto huyo alilia usiku mzima kwa sababu ya ngoma. Kwenye kadi yake ya kliniki alikuwa amezaliwa 1960.

Haya yote, kanuni za majina, alama, kalenda, tulikuwa tunayafanya ofisini, na wahusika wako kwao, hawajui kama wanatafutwa. Mabadiliko makubwa yalikuja tulipoamua kuifanya kazi mbele ya mtu mwenyewe. Kisesa waliijaribu njia hiyo 2015: karani anakaa kliniki na kompyuta, mteja akisubiri zamu yake anaulizwa maswali machache, programu inaleta orodha ya watu wanaokaribiana naye kwenye daftari la kijiji, na wawili hao wanatafuta pamoja yupi ni yeye. Sisi tuliwekewa meza karibu na chumba cha mafaili, mbali kidogo na benchi ili wenzake wasisikie. Hilo la umbali msilichukulie jambo dogo. Wiki ya kwanza meza ilikuwa hatua mbili kutoka benchi, na hakuna aliyesema ukweli.

Swali lililotuokoa mara nyingi kuliko yote ni la balozi. Balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa mtaa mdogo ambaye kila mtu anamjua. Majina ya mtu yanabadilika, umri unapanda na kushuka, lakini balozi wake ni mmoja, na wanaomtaja balozi huyo ni nyumba chache tu. Kwa ile hesabu ya mara ngapi kwa bahati, jina la balozi linabeba uzito kuliko jina la mteja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, balozi wenu ni nani?"

"Sisi tuko kwa mzee Masunga."

Natafuta Masunga, hayupo. Balozi wa eneo lile kwenye daftari letu ni mwingine kabisa.

"Mzee Masunga bado ndiye balozi, mama?"

"Alishafariki siku nyingi. Sasa hivi ni yule kijana wa Lugembe. Lakini sisi tunasema kwa Masunga."

Tangu siku hiyo tukaacha kufuta majina ya mabalozi wa zamani. Kila kaya ikawa na orodha ya mabalozi wake wote, waliopo na waliotangulia. Swali la pili lilikuwa: nani mwingine analala nyumbani kwenu? Mtu anaweza kukosea umri wake, majina ya wanawe hakosei. Akitaja Neema, Kashinje na Bahati, na kaya moja tu katika kitongoji ina Neema, Kashinje na Bahati, umempata.

Sasa nirudi kwa yule marehemu.

Kadi yake ya kliniki ilisema Elizabeti Masanja. Siku niliyomuunganisha foleni ilikuwa ndefu, ilikuwa siku ya soko na watu walitaka kuwahi. Programu ilileta majina mawili juu kabisa: Kulwa Masanja na Doto Masanja. Tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, mama mmoja. Elizabeti hakuwepo popote, kwa kuwa wadadisi waliwaandika mapacha wale kwa majina ya nyumbani, si ya ubatizo. Kulwa alikuwa na alama zaidi kidogo, kwa sababu kitongoji chake kililingana na alichokitaja mteja. Doto alikuwa ameandikwa kitongoji kingine. Nilichagua wa juu. Sikumwinulia uso nikamuuliza, dada, wewe ni Kulwa au Doto? Swali la sekunde tatu.

Kulwa alipofariki, kifo chake kikaangukia kwenye faili la mtu mwingine.

Na sasa kulikuwa na jambo gumu kuliko kosa lenyewe. Nisingeweza kwenda kwenye kaya ile kuuliza. Ningeuliza nini? Mbona binti yenu mliyemzika anachukua dawa? Familia huenda haikujua kwamba yeyote kati yao yuko CTC. Kosa la karani lingefichua siri ya mgonjwa mbele ya baba yake, tena ndani ya msiba. Msimamizi alitaka tutume mdadisi akahakiki kifo. Nilikataa, na namshukuru kwamba alinisikiliza. Tukasubiri tarehe yake ya kurudi.

Alikuja Agosti, amevaa kitenge cheusi. Nilimwomba tuingie chumba cha mafaili, nikafunga mlango.

"Dada, samahani kwa swali hili. Ulizaliwa peke yako?"

Alinyamaza, akaitazama kadi yake mkononi.

"Tulikuwa wawili. Mwenzangu tulimzika mwezi wa pili."

"Pole sana, dada."

"Asante."

"Nani kati yenu alikuwa Kulwa?"

"Yeye. Mimi ni Doto. Nilikuwa nimeolewa kule ng'ambo ya mto, ndoa ikanishinda nikarudi kwa baba."

Ndiyo maana kitongoji hakikulingana. Nilivunja muunganisho ule mbele yake, nikaandika sababu, nikamuunganisha upya na Doto. Historia yake ya miaka mitatu ya matibabu ikatoka kwenye jina la dada yake ikarudi kwake. Akaniuliza kama Kulwa naye alikuwa kwenye kompyuta. Nikamwambia yumo. Akauliza mmemwandikaje. Nikamwambia tumeandika alivyozaliwa, na alivyofariki. Akaitikia kwa kichwa.

Kinachoniumiza mpaka leo ni kwamba kosa lile lilijulikana kwa sababu mtu alikufa. Kama Kulwa angekuwa hai, asingegundua mtu. Wangapi wengine niliwaunganisha vibaya siku za soko, na wote bado wako hai, nao wanaonekana safi kabisa kwenye orodha? Kuanzia hapo tukaweka utaratibu: wawili wa juu wakiachana kwa alama chache, programu inakataa kuendelea mpaka karani aandike swali alilouliza na jibu alilopewa. Na wakiwa wa tarehe moja ya kuzaliwa kwenye kaya moja, inaandika neno moja kwa wino mwekundu: mapacha.

Watu huniuliza kwa nini tusitumie namba moja ya taifa tukamaliza. Denmark wamekuwa nayo tangu 1968, na utafiti wao wa afya unasimama juu yake. Sisi tuna NIDA, tarakimu 20, zinaanza na tarehe ya kuzaliwa. Siipingi. Lakini watoto hawakuwa nayo, na nusu ya utafiti wetu ilikuwa watoto. Waliokuwa nayo wameiacha nyumbani kwenye sanduku, na kuna waliokuwa hawataki kabisa namba yao ya taifa ikutane na faili la CTC. Tulifikiria alama za vidole. Mzee aliyelima pamba miaka 50 au mama anayeponda kokoto, mashine haimsomi, na watu waliuliza kama vidole vinapelekwa polisi. Hata namba ya CTC yenyewe, inayobeba mkoa, wilaya, kituo na mtu, inavunjika pale mtu anapohamia kituo kingine kimyakimya bila barua na kuanza upya kama mgeni. Akapata namba ya pili. Kadi nazo zinaazimwa. Mama mwenye kadi ya bima humwazima mdogo wake mjamzito, na kwenye daftari mtu mmoja ana mimba mbili zinazopishana miezi minne. Simlaumu aliyeazima. Alikuwa na mgonjwa, na jirani alikuwa na kadi.

Kosa la upande wa pili, la kushindwa kuunganisha, halipigi kelele kama la marehemu kuchukua dawa, ila linapotosha kwa utulivu. Tuseme unataka kujua, kati ya waliopimwa kijijini wakakutwa na VVU, wangapi walifika kliniki. Kila niliyeshindwa kumuunganisha anahesabiwa kwamba hakufika. Na niliokuwa nashindwa hawakuwa mchanganyiko wa watu wote. Walikuwa wanawake walioolewa wakabadili jina na kitongoji kwa mwaka mmoja. Walikuwa vibarua wa msimu, wavuvi wa visiwani, mabinti wa kazi za ndani. Mwanamume aliyezaliwa kwenye kiwanja cha babu yake, akakaa hapohapo na jina lilelile, nilimpata kwa dakika moja. Ripoti ikitoka ikisema wanawake vijana hawafiki kliniki, mimi ninajua sehemu ya hao walifika. Walikaa kwenye benchi langu. Niliwahi kulisema hilo kwenye kikao cha watafiti, sauti inatetemeka, na nafurahi kwamba safari ile waliongeza kwenye ripoti jedwali la ambao hawakuunganishwa, kwa jinsia na umri. Jedwali lile linafaa kuwemo kila ripoti.

Na kuna wale ambao hawakuunganishwa kwa kuwa hawakutaka.

Kabla sijawa karani wa ofisini nilikuwa mdadisi, kwa hiyo kaya nyingi nilizijua kwa miguu. Asubuhi moja alikaa mbele ya meza yangu mama wa makamo, akataja jina, akataja kijiji kilicho nje kabisa ya eneo letu, karibu kilomita 40. Programu haikumpata, na isingeweza. Mimi nilimjua. Nilishawahi kukaa kwenye mkeka nyumbani kwake, akanikaangia karanga huku nikimuuliza maswali ya raundi. Nilijua kaya yake, balozi wake na majina ya wanawe. Yeye naye alinijua. Tulitazamana, kisha akainamisha macho kwenye kanga yake.

Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi. Ningeweza kumaliza kwa nusu dakika, takwimu zikawa sahihi zaidi kwa mtu mmoja. Jina lililokosewa na jina lililofichwa yanafanana kwenye mashine, lakini mimi niliona lile ni lipi. Alikuwa na ridhaa ya kutoa au kunyima, na jina alilonipa lilikuwa jibu lake. Nikaandika alichosema. Nikabonyeza hakupatikana. Nikamwambia, asante mama, nenda kapime uzito.

Alirudi mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu alikuja mezani mwenyewe, foleni imekwisha.

"Wewe si ndiye uliyekula karanga kwangu?"

"Ndiyo, mama. Zilikuwa tamu."

"Uliniandika?"

"Niliandika ulichoniambia."

Akavuta kiti akakaa. Akataka nimweleze kompyuta ile inakwenda wapi jioni. Nikamweleza kila kitu kama nilivyofundishwa: kwamba majina yanakaa faili moja, ugonjwa faili lingine, na jedwali linaloonyesha nani ni nani linakaa mbali na yote mawili, kwamba mtafiti anayepewa takwimu anapata namba tupu isiyo ya kijiji wala ya kliniki, kwamba sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Alisikiliza yote, ya sheria nayo.

"Na ufunguo wa hilo jedwali anao nani?"

"Wako wawili, mama. Meneja wa takwimu na msaidizi wake. Mmoja peke yake hafungui."

"Wanatoka wapi hao?"

Nikamwambia. Mmoja wao alikuwa wa tarafa yetu.

Alitazama nje ya dirisha, pale kwenye mwembe ambapo wenzake walikuwa wanasubiri gari. Akafunga kadi yake kwenye pindo la kanga, akafunga fundo la pili juu yake.

"Nitafikiria," akasema.

Mkataba wangu uliisha Desemba. Siku niliyokabidhi kompyuta, mstari wake ulikuwa bado unasoma hakupatikana, na karani aliyenipokea aliponiuliza kama kuna wateja wa kufuatilia, nilimpa orodha ya majina kumi na moja. La kwake halikuwemo.